Jicho la Daktari Linatazama Wapi?

Mwezi uliopita katika ukurasa huu tuliongea juu ya homa ya matumbo na maji ya kunywa. Mwezi huu tunawaomba mtuvumilie kidogo, kwa maana tunataka kuwaeleza jambo ambalo wengi wenu hamjapata kulisikia: jinsi wataalamu wanavyoyafuatilia macho ya madaktari wanafunzi ili wajue wanatazama nini wanapomhudumia mgonjwa. Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya Ulaya yasiyotuhusu sisi. Tunamsihi asome kwanza kisa hiki.

Miaka mingi iliyopita, katika hospitali ambayo hatutaitaja, tulikuwa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi. Mama mmoja, uzazi wake wa tano, alikuwa amejifungua salama. Mtoto alilia vizuri, na kondo la nyuma lilikuwa limetoka. Alikuwapo pia daktari kijana aliyekuwa katika mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo, mchapakazi na mwenye adabu. Mama akaanza kulalamika kwamba anasikia kizunguzungu. Tukamvalisha kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni, ambacho wakati ule kilikuwa kipya kwetu. Mara kikaanza kupiga kelele na kuonyesha namba ndogo, kisha kikawa hakionyeshi kitu. Daktari akakitazama. Sisi nasi tukakitazama. Tukakivua, tukakipangusa kwa spiriti, tukakivalisha kidole kingine. Tukafungua oksijeni, tukakagua mpira kama umekunjika. Watu watatu tuliosomea kazi hiyo tulisimama tumekikodolea macho kisanduku kile, tukibishana kama ni kibovu.

Ndipo mama mfanya usafi, aliyekuwa akipita na ndoo yake, akasema kwa sauti ya chini kama anayeogopa kukemewa: "Samahani Sista, mbona damu inadondoka hapa chini?"

Tulipofunua shuka tuliona godoro limeloa damu. Mfuko wa uzazi ulikuwa umelegea kabisa. Kifaa hakikuwa kibovu. Mtu aliyepoteza damu nyingi vidole vyake hupoa, na kifaa hakipati mapigo ya kupima. Kilikuwa kikitueleza habari za kweli, ila sisi tulikishughulikia chenyewe badala ya kumshughulikia mama. Tukaukanda mfuko wa uzazi, tukatoa sindano ya oksitosini, tukaweka dripu mbili, na ndugu wakaamshwa nje kuja kutoa damu. Aliongezewa chupa tatu, akapona, na mtoto yule sasa ni mtu mzima.

Kwa muda mrefu baada ya usiku ule tulijiuliza: ilikuwaje watu watatu wenye vyeti wasione jambo aliloliona mtu mwenye ndoo? Hatukuwa wavivu wala hatukusinzia. Kujifunza tulijifunza, na dalili za kutoka damu baada ya kujifungua tulizijua kwa moyo. Wahenga walisema macho hayana pazia. Lakini usiku ule yetu yalikuwa nalo.

Yatupasa kwanza tueleze jicho lenyewe. Mtu hudhani kwamba akifungua macho anaona kila kilicho mbele yake kwa usawa. Sivyo. Sehemu ya jicho inayoona sawasawa, yaani inayoweza kusoma herufi au kutambua sura ya mtu, ni ndogo mno. Nyosha mkono wako mbele na utazame ukucha wa dole gumba: eneo linaloonekana vizuri kwa wakati mmoja ni karibu upana huo tu. Yaliyobaki pembeni huonekana kwa ukungu, nayo akili hujazia. Kwa sababu hiyo jicho halitulii. Huruka kutoka mahali hadi mahali, kama mara tatu kwa sekunde, likitua kidogo na kuruka tena. Wakati wa kuruka halioni kitu cha maana, huona linapotua. Mwenye jicho hana habari na safari zote hizo.

Aliyesaidia kulifahamisha jambo hili mapema ni daktari wa macho wa Ufaransa, Émile Javal, katika miaka ya 1870. Yeye na wenzake waliona kwamba macho ya msomaji hayatelezi juu ya mstari kama maji, bali huenda kwa kurukaruka. Waliofuata walitaka kuipima mirukो hiyo kwa vyombo, na vyombo vya mwanzo vilikuwa vya kutisha kidogo. Mmarekani Edmund Huey, aliyetoa kitabu chake juu ya kusoma mwaka 1908, alitumia kikombe kidogo cha plasta chenye tundu, kikabandikwa juu ya jicho lililotiwa ganzi na kuunganishwa na kijiti chepesi kilichochora mwendo wake. Sisi tunaotia watu dawa ya macho kila siku tunajua jinsi mtu anavyokwepa hata tone moja, kwa hiyo tunawastahi sana waliokubali kufanyiwa hayo.

Huko Urusi alikuwapo mtaalamu Alfred Yarbus, ambaye kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1967. Alimwonyesha mtu picha moja ya mchoraji Ilya Repin, inayoonyesha mwanamume akirudi nyumbani bila kutazamiwa na jamaa zake wakishtuka. Picha ilikuwa ile ile na mtazamaji yule yule, lakini kila mara aliulizwa swali jingine. Alipoulizwa watu hao wana umri gani, macho yake yalikwenda kwenye nyuso. Alipoulizwa hali yao ya maisha, macho yalihamia kwenye vyombo na mavazi. Maana yake ni kwamba jicho huongozwa na swali lililomo kichwani. Sisi katika wodi ile swali letu lilikuwa "kifaa hiki kina nini?" na macho yakatii.

Siku hizi hakuna kikombe cha plasta. Daktari mwanafunzi huvaa miwani inayofanana na ya kawaida. Ndani ya fremu yake kuna taa ndogo zinazotoa mwanga wa infraredi, ambao mtu hauoni, na kamera ndogo zinazopiga picha za jicho mara 50, 100 au zaidi kwa sekunde. Mwanga ule huacha nukta inayong'aa juu ya konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho. Kompyuta hulinganisha nukta hiyo na katikati ya mboni, na kwa hesabu hiyo hujua jicho limeelekea wapi. Kamera nyingine hutazama mbele na kupiga picha ya chumba kama mvaaji anavyokiona. Kabla ya kuanza, mvaaji huambiwa atazame alama fulani ili chombo kilizoee jicho lake. Baadaye, picha zikirudishwa, huonekana duara dogo likirukaruka chumbani: sasa liko usoni pa mgonjwa, sasa kwenye monita, sasa kwenye mikono ya muuguzi, sasa limeganda kwenye dripu. Wachunguzi huhesabu jicho lilikaa wapi kwa muda gani, na lilichelewa kiasi gani kufika mahali lilipotakiwa.

Mgonjwa mwenyewe huwa ni wa kuigiza. Jambo hili la mgonjwa wa kuigiza si geni sana. Mwaka 1960 mtengeneza midoli wa Stavanger nchini Norway, Åsmund Laerdal, alitoa sanamu ya mtu mzima ya kufundishia kumpulizia pumzi aliyezimia. Mwaka 1967 huko California wakatangaza sanamu iliyoendeshwa na kompyuta kwa kuwafundisha madaktari wa usingizi. Zilizopo leo zinapumua, zina mapigo ya moyo, nyingine hutokwa jasho na kulia. Mwalimu hukaa nyuma ya kioo na kuibadilisha hali ya "mgonjwa" kwa kubonyeza: presha inashuka, njia ya hewa inaziba. Mwanafunzi akikosea hakuna anayezikwa. Ndiyo sababu ni mahali pazuri pa kuyachunguza macho, kwa maana dharura moja yaweza kurudiwa ile ile kwa watu 20.

Wenzetu wa ndege walitangulia. Mwaka 1950 Paul Fitts na wenzake huko Marekani walitoa taarifa za filamu walizopiga za macho ya marubani waliokuwa wakitua kwa kutegemea saa na vipimo vilivyo mbele yao. Walihesabu ni kipimo gani kinatazamwa mara nyingi na kwa muda gani, ili vipimo vipangwe mahali pafaapo. Madaktari wa usingizi wanafanana na marubani: muda mrefu wa utulivu, kisha ghafla mambo yanaharibika.

Mwaka 2011 ulitolewa uchunguzi wa Munich, Ujerumani, ambako madaktari wa usingizi walivalishwa chombo cha kufuatilia macho huku wakimhudumia mgonjwa wa kuigiza. Mambo yalipokuwa shwari, karibu asilimia 20 ya muda wa macho yao iliwaendea wachunguzi wa mashine, yaani monita. Dharura ilipoingia, ikapanda hadi karibu asilimia 30. Hapo hakuna ajabu. Lililotugusa sisi ni tofauti kati ya wakongwe na wachanga. Wakati wa dharura wenye uzoefu waliongeza muda wa kutazama kazi ya mikono yao, na wasio na uzoefu mwingi waliupunguza. Tuliposoma hayo tulimkumbuka yule daktari kijana wetu. Mashine inapolia, mchanga huikimbilia mashine.

Uchunguzi mwingine wa aina hii, uliofanywa kwa kazi nyingi tofauti, umeonyesha kwamba mtaalamu hatazami vitu vingi kuliko mwanafunzi. Hufika haraka zaidi kwenye jambo linalohusika, na hayo yasiyohusika huyaacha yapite. Mama yeyote apikaye ugali anajua hayo: binti anayejifunza hutazama moto, sufuria, saa na unga uliomwagika, lakini mama husikia mchemko tu na kujua.

Lakini hapa yatubidi tusimame kidogo. Lugha yetu ina neno kutazama na neno kuona, na hayo ni mambo mawili. Miwani hupima kutazama. Je, inapima kuona?

Mwaka 2013 Trafton Drew na wenzake wa Boston, Marekani, walifanya jaribio ambalo kwanza linachekesha. Waliwapa madaktari 24 wa eksirei picha za siti skani za mapafu wazitafute vinundu vinavyoweza kuwa saratani. Katika picha za mwisho wakabandika picha ya gorila, mkubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Madaktari 20 kati ya 24 hawakumwona. Na chombo cha kufuatilia macho kilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya hao 20 macho yao yalitua pale pale alipokuwa gorila. Walimtazama, na hawakumwona, kwa sababu walikuwa wakitafuta kinundu. Mwaka 1978 Harold Kundel na wenzake walikuwa wamekwisha kuyagawa makosa ya namna hii katika makundi matatu: uvimbe ambao jicho halikuufikia kabisa, uvimbe ambao jicho liliugusa na kupita, na uvimbe ambao jicho lilikaa juu yake kwa muda, kisha akili ikaamua si kitu. Kundi hili la tatu ndilo lilikuwa kubwa kuliko mengine. Kwa hiyo mwalimu anayemkemea mwanafunzi "hukutazama!" mara nyingi anamwonea. Alitazama. Dawa ya asiyetazama ni kufundishwa mpango wa kukagua, juu hadi chini, bila kuruka. Dawa ya aliyetazama asione ni nyingine: aonyeshwe wagonjwa wengi, na awe na mtu pembeni wa kumwuliza, "Unalionaje hili?"

Kuna kisa kimoja cha kweli kinachofundishwa sana katika mazoezi haya. Mwezi Machi 2005 huko Uingereza, mama wa watoto wawili aitwaye Elaine Bromiley aliingia kufanyiwa upasuaji mdogo wa pua. Alipokwisha kulazwa usingizi, njia yake ya hewa ikaziba. Madaktari waliokuwapo walikuwa wenye ujuzi na uzoefu mrefu. Walijaribu kuingiza mpira kooni, ukashindikana, wakajaribu tena na tena, huku oksijeni ikiwa chini sana kwa muda wa dakika nyingi. Katika hali kama hiyo inatakiwa kuacha mpira na kutoboa njia ya hewa shingoni. Muuguzi mmoja alikuwa amekwisha leta vyombo vya kufanyia kazi hiyo na kuwaambia viko tayari. Mwingine alikuwa amepiga simu kutafuta kitanda katika wodi ya wagonjwa mahututi. Madaktari hawakuitikia, na wauguzi hawakujua waseme vipi zaidi. Mama huyo alifariki siku 13 baadaye. Mumewe, Martin Bromiley, alikuwa rubani. Hakutaka kulipiza kisasi. Aliuliza tu mbona katika ndege rubani msaidizi hufundishwa kumkatiza rubani mkuu, na hospitalini sivyo? Mwaka 2007 alianzisha kikundi cha kuwahimiza watu wa afya wajifunze jinsi akili ya binadamu inavyobanwa wakati wa hatari.

Sisi wauguzi hatuwezi kukisoma kisa hicho bila kujiona ndani yake. Macho ya madaktari yalikuwa kooni, na yaliganda huko. Wao wenyewe walieleza baadaye kwamba muda uliwapotea, hawakujua ni dakika ngapi zimepita. Mtu aliye katika hali ile hajui kwamba macho yake yameganda. Hapo ndipo tunaona faida kubwa ya miwani hii. Baada ya zoezi, mwanafunzi huketi na mwalimu wake, wakaitazama picha ya macho yake mwenyewe. Ukimwambia tu, atabisha: "Hapana, Mwalimu, monita niliiangalia." Picha ikionyesha duara limekaa kwenye sindano dakika mbili mfululizo, hana la kubisha.

Hata hivyo tuna mashaka yetu. Miwani hii huvurugwa na jua kali, na wenye miwani ya kawaida au rangi nyingi za kope hukipa chombo taabu. Bei yake inafika maelfu ya dola. Tena tusingependa kuona siku moja mwanafunzi anafelishwa kwa sababu jicho lake lilikwenda mahali pasipopangwa. Mkunga mzuri huweza kuutazama ukuta huku mkono wake ukiwa juu ya tumbo la mama, na mkono ule unaona kuliko macho ya watu wawili. Masikio nayo yanafanya kazi, na pua pia. Hayo miwani haiyajui.

Msomaji atauliza, hapa kwetu je? Mazoezi ya kuigiza yako kwetu tangu zamani kidogo. Kuanzia mwaka 2009 mpango wa kuwasaidia watoto wachanga kupumua ulijaribiwa katika hospitali nane za Tanzania, kwa kutumia mdoli wa mtoto anayejazwa maji ili awe na uzito. Mwalimu hufinya vipira na mdoli hupumua, hulia, au mapigo ya kitovu hudunda. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Na kule Haydom, mkoani Manyara, walijifunza jambo ambalo sisi tunalipenda kuliko yote: mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wawe hodari kwa mdoli, lakini kazini hawakubadilika. Walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, pale pale wodini, ndipo vifo vya watoto vilipopungua.

Miwani ya kufuatilia macho sisi hatuna. Tuna mdoli, na tuna karatasi. Tunapofanya zoezi, muuguzi mmoja huketi pembeni na saa, na kila baada ya sekunde kumi huandika uso wa kila mtu umeelekea wapi: mtoto, mama, saa ya ukutani, meza ya vyombo, au mwenzake. Ni kipimo cha ovyo, kwa maana uso si jicho, na jicho si kuona, kama tulivyosema. Lakini mara ya kwanza tulipozisoma karatasi hizo tulinyamaza. Tulikuwa watu wanne chumbani. Mdoli alitazamwa sana, mfuko wa kupulizia ulitazamwa, saa ilitazamwa. Katika safu ya "mama", ambaye alikuwa mwanafunzi wetu mmoja aliyelala kitandani akiigiza mzazi, hapakuwa na alama hata moja tangu mtoto alipotoka hadi zoezi lilipokwisha.

Tangu siku hiyo tumebadilisha mpango. Kabla zoezi halijaanza tunamtaja mtu mmoja ambaye kazi yake ni mama peke yake: mkono juu ya tumbo, na kufunua shuka kila mara. Haruhusiwi kugeuka hata mdoli akilia. Daktari akiwapo, naye anaambiwa mbele ya wote kwamba yeyote chumbani anaweza kumkatiza kwa maneno haya: "Dokta, tazama hapa." Wanaoona haya tunawafanyisha mazoezi ya kuyasema kwa sauti. Zoezi la mwezi huu ni Jumanne ya mwisho, saa nane mchana, na safari hii tumewaomba na wahudumu wa usafi waingie.